Askari Kaingiaje Wodini?

Somo yangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ya maneno mawili tu: "soldier on". Unasema msimamizi wako ameyaandika chini ya ripoti, nawe ukajiuliza askari kaingiaje kwenye mambo ya uuguzi, tena usiku ule hukulala.

Hakukusema vibaya, somo. "Soldier" hapo ni kitendo, na hiyo "on" ndiyo inayosukuma mbele, kama kwenye "carry on" na "keep on". Ila hizo mbili ni kuendelea tu. Hata anayetafuna karanga huambiwa "keep on". "Soldier on" haisemwi pasipo mzigo. Lazima pawe na kitu kinachokuvuta nyuma, homa au msiba au uchovu, nawe ukasonga hivyo hivyo. Kwetu tungesema kaza buti. Nimefurahi mno kuona lugha mbili zimekutana kwenye kiatu cha askari!

Mkumbuke John Stephen Akhwari wa Mbulu, Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka katikati ya marathoni, goti likaumia, akafungwa bandeji, akarudi barabarani. Aliingia uwanjani akichechemea, giza limeshaanza, zaidi ya saa moja tangu Mamo Wolde wa Ethiopia amalize wa kwanza. Mwingereza angeandika "He soldiered on" na kuweka nukta. Ukitaka kuitaja kazi yenyewe, tia "with": "She soldiered on with her studies." Ukisema "She soldiered on her studies", bila hiyo "with", sentensi haisimami.

Sasa la moyoni. Maneno haya ni sifa, lakini mara nyingi husifiwa nayo mtu aliyestahili kupumzika: kaja kazini na homa, wenzake wakamwona shujaa. Nawe katika barua hiyo hiyo umeutaja mgongo kwa mstari mmoja, ukapita mbio. Msimamizi anajua kwamba unainua wagonjwa huku unaumwa? Kama hajui, anasifu uvumilivu bila kuona unavyokugharimu. Mwambie, tafadhali. Kwenye masomo kaza buti, nipo nyuma yako. Mgongo ukaonwe na daktari wiki hii, kisha uniandikie alichosema, usinifiche.

Mama anakusalimu sana, anakuulizia kila Ijumaa.

Wako akupendaye,
Somo