Kuhamisha mfumo wa akiba si kazi ya fundi peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaase viongozi wa vyama vya akiba na mikopo vya hapa Dar es Salaam ambao mifumo yao ya kompyuta iliandikwa kwa toleo la pili la Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na ambao bado hawajaihamishia toleo la tatu.

Kuhama ni lazima. Toleo la tatu lilitoka Desemba 2008, na huduma za toleo la pili, zilizopangwa kukoma mwaka 2015, zikasogezwa hadi Januari 1, 2020. Tundu la usalama likigundulika humo leo, watunzaji wa lugha hiyo hawalizibi tena.

Ninachokipinga ni desturi ya kumwachia kazi mkandarasi anayeipitisha programu nzima kwenye zana ya kugeuza msimbo, yaani maandishi ya programu, kutoka toleo la pili kwenda la tatu, akaona inawaka bila kulalamika, kisha akaleta ankara. Zana hiyo hurekebisha maandishi, lakini haijui hesabu ilikusudiwa kutoa jibu gani. Katika toleo la pili, 7 ikigawanywa kwa 2 jibu ni 3, na kinachobaki hutupwa. Katika toleo la tatu jibu ni 3.5. Ukiagiza 2.5 ikadiriwe kuwa namba kamili, toleo la pili hutoa 3 na la tatu hutoa 2, kwa kuwa nusu sasa hupelekwa kwenye namba shufwa iliyo karibu. Hakuna onyo litakalotokea kwenye skrini. Gawio la mwanachama litabadilika kimyakimya, na mhasibu ataligundua wakati wa kufunga hesabu za mwaka, pengine asijue aanzie wapi kutafuta.

Kwa hiyo mkataba utamke wazi kwamba mfumo wa zamani na mpya itaendeshwa sambamba kwa nakala ya kumbukumbu halisi, majibu yalinganishwe akaunti kwa akaunti hadi senti ya mwisho, na malipo ya mwisho yasitolewe kabla mhasibu hajaridhika. Sisi waandika programu tunalaumiwa, mara nyingine kwa haki, lakini bei tunazokubaliwa aghalabu hazina nafasi ya majaribio hayo. Wanachama wanaopitisha bajeti kwenye mkutano mkuu waulize fungu hilo liko wapi, na kama halipo, wadai liwekwe kabla mkandarasi hajaitwa.

Mwandika programu,
Sinza, Dar es Salaam