Risala ya Vijana wa Banjo na Zeze, Bagamoyo, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, wazazi, walezi na wageni waalikwa,
Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kukufikisha salama. Umekuja mwenyewe, hukutuma mwakilishi. Sisi tuliowahi kupokea wawakilishi tunajua uzito wa jambo hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, leo tunamuenzi Mwalimu Tony Trischka, aliyezaliwa Syracuse, jimbo la New York, mwaka 1949. Ni bingwa wa banjo ya nyuzi tano, mtindo wa bluegrass, yaani muziki wa ala za nyuzi wa mashambani Marekani, na hakujifungia humo: banjo yake imeingia hadi kwenye jazz na rock. Mwaka 2007 chama cha kimataifa cha bluegrass kilimtangaza mpiga banjo bora wa mwaka. Ameandika vitabu vya kufundishia, na masomo yake ya video kwenye intaneti ndiyo tunayofuata sisi hapa, kwa simu moja. Alimfundisha Béla Fleck, mpiga banjo Mmarekani, ambaye mwaka 2005 alikuja Tanzania akapiga na Anania Ngoliga, fundi asiyeona wa zeze na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Filamu ya safari ile ilibeba jina la mji wetu kwa Kiingereza: Throw Down Your Heart, yaani bwaga moyo. Kwa hiyo sisi ni wajukuu wa Mwalimu Trischka kimuziki, na tunalisema kwa fahari.

Mafanikio yetu ni makubwa. Vijana 14 wanapiga kwa vidole vitatu. Tumetumbuiza kwenye harusi tatu na mahafali ya darasa la saba, na wazazi walisimama wakatutuza.

Pamoja na mafanikio hayo, Mheshimiwa, tuna shida moja, na tunaomba utuvumilie tuieleze vizuri. Hatuna chumba. Banjo zetu mbili zinalala chini ya kitanda cha mwalimu wetu wa hapa, na zeze nne zinaning'inia jikoni kwa mama mmoja mwema. Upepo wa bahari una chumvi. Nyuzi za chuma zinashika kutu kabla hazijazoea mkono, na vichuma vinavyokaza ngozi ya banjo vimeanza kuganda. Uzi ukikatika, dukani hapa haupo. Tunasubiri mtu anayesafiri.

Mwaka 2021 mgeni rasmi wetu alisimama mahali uliposimama wewe, akaahidi bati na mbao. Tulishangilia sana. Wazazi wakachanga, tukafyatua matofali wenyewe, tukapandisha kuta hadi kwenye lenta ili bati zikifika zisikute uvivu wetu. Mwaka 2023 mgeni mwingine akaipokea ahadi ile, akaiongezea na saruji. Barua tumeandika tano, nakala tunazo. Masika mbili zimenyeshea kuta hizo, na upande wa kusini umeanza kumomonyoka.

Hatumlaumu mtu. Tunaomba bati 36 za geji 28, mbao za kenchi, misumari na mlango mmoja wenye kufuli. Fundi hatuombi, tunaye, na ni mzazi wetu. Na kwa heshima zote, Mheshimiwa, tunaomba utupatie tarehe.

Kuta zenyewe ziko nyuma ya turubai hili. Tunakusihi uzipitie kabla ya chakula.

Tunaomba kuwasilisha.