Samurai aliyesimamia mikeka

Nagoya, Japani

Mdogo wangu Salimu,

Salaam nyingi kutoka huku ughaibuni. Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. Baba na Mama wafikishie shikamoo zangu kabla hujaendelea kusoma, maana nakujua: ukishafika kwenye maninja hutakumbuka tena.

Umeuliza kama nimeshawaona hao maninja. Nimefika kwao, Iga, katika mkoa wa Mie. Ni bonde lenye mashamba ya mpunga, limezungukwa na milima pande zote. Siku hizi mji unaishi kwa jina la ninja. Kuna makumbusho yenye nyumba ya milango ya siri, na watoto wanatembea barabarani na mavazi ya kininja ya kukodi, mengine ya rangi ya waridi.

Sasa lile vazi jeusi litoe kichwani. Shinobi, kama walivyoitwa enzi zile, kazi yao kubwa ilikuwa upelelezi: kuingia kwa adui, kusikiliza, kuhesabu askari, kuchoma ghala ikibidi, kisha kurudi na habari. Mkufunzi mmoja wa kazi hiyo aliandika kitabu mwaka 1681, Shōninki, na humo ametaja sura 7 za kujigeuza: mtawa, mfanyabiashara, mpiga zumari wa kidini, mfanya mazingaombwe na kadhalika, na mojawapo ni kuwa mtu wa kawaida tu. Yaani muuza samaki anayepita mtaani kwetu asubuhi, anayejua nani kasafiri na nani kagombana na mkewe, huyo ndiye ninja wako. Weusi ule unasemekana ulitoka kwenye kabuki, tamthilia za kijadi za Kijapani. Wasaidizi wa jukwaani huvaa nyeusi gubigubi, na watazamaji wamezoea kuwahesabu kuwa hawapo. Sasa mmoja wao akigeuka ghafla na kumchoma mtu kisu, ukumbi mzima unaruka. Ujanja mtupu, nami naupenda kuliko kurushiana vile vyuma vya nyota.

Watu wa Iga wenyewe walikuwa koo za wakulima wenye silaha, wakijitawala bila bwana mkubwa. Mwaka 1579 mtoto wa Oda Nobunaga, mbabe mkubwa wa vita wa enzi zile, aliwavamia bila ruhusa ya baba yake, akapigwa akarudi na aibu. Mwaka 1581 baba akatuma jeshi la makumi ya maelfu, na Iga ikachomwa. Hapo hakuna aliyepotelea kwenye moshi akatokea juu ya paa.

Tena wewe unawapanga ninja upande mmoja na samurai, wale wapiganaji wa mabwana, upande wa pili, kama Simba na Yanga. Hattori Hanzō, ambaye kwenye filamu ndiye baba wa maninja wote, alikuwa samurai wa Tokugawa Ieyasu, aliyekuja kuitawala Japani, mpiganaji wa mkuki. Asili ya baba yake ndiyo Iga. Kwa sababu ya undugu huo, mwaka 1582 alisaidia kumvusha bwana wake salama katika milima ile. Leo Tokyo kuna njia ya treni ya chini ya ardhi yenye jina lake.

Na samurai? Vita vilipokwisha mwanzoni mwa miaka ya 1600, walikaa zaidi ya miaka 200 kwenye amani. Panga kiunoni, kazi ofisini, mshahara wa mchele. Hapa Nagoya aliishi mmoja, Asahi Shigeaki, aliyeandika shajara kwa miaka zaidi ya 25 hadi 1717. Cheo chake kilikuwa msimamizi wa mikeka ya tatami ya bwana wake! Anaandika pombe, umbea wa mji, na tamthilia alizokwenda kuangalia kinyemela, kwa kuwa hazikuwa heshima kwa mtu wa tabaka lake. Wenzake wa vyeo vya chini walitengeneza miamvuli nyumbani ili mwezi ufike. Filamu ya mtu kama huyo nani ataiingiza kibanda umiza? Steringi anakagua mikeka!

Hata zile kanuni za heshima za samurai unazozinukuu, zilivyoenea duniani ni kwa kitabu cha Nitobe Inazō cha mwaka 1900, kilichoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya wageni. Wakati huo samurai walikuwa wameshapigwa marufuku kubeba panga hadharani tangu 1876.

Na Yasuke, yule Mwafrika uliyemuuliza, ni kweli alikuwepo. Alikuja mwaka 1579 na mapadri Wajesuiti, na mwandishi wa baadaye anasema alitoka Msumbiji. Nobunaga aliamuru aoshwe, akidhani rangi ile ni wino. Kisha akampenda, akampa nyumba, posho na upanga. Watu wanabishana kama hiyo inatosha kumwita samurai. Kwangu mimi inatosha, maana wengi walioitwa hivyo hawakupewa zaidi. Bwana wake alipouawa mwaka 1582, Yasuke alipigana, akakamatwa, akapelekwa kwa mapadri, na maandishi yanaishia hapo. Ukiona filamu inamwoza binti wa kifalme, kunywa soda yako uangalie, lakini usiiandike kwenye mtihani wa historia.

Mwambie Mama koti nimeshanunua, asiwe na wasiwasi na baridi. Ile hela ya bati nitaituma mwisho wa mwezi. Na wewe nitumie matokeo yako yote, hata yale ya hesabu.

Wasalaam,
Dada yako Mwanaidi