Utando wa maji si chekeche

Mhariri,

Makala za usafishaji wa maji hupenda kueleza utando wa nanofiltresheni (uchujaji kwa vitundu vya ukubwa wa nanomita) kama chekeche: tundu dogo, kikubwa kinanaswa. Kwa tope na bakteria, sawa. Kwa chumvi, maelezo hayo yanapotosha. Ioni (chembe yenye chaji ya umeme) ya kloridi pamoja na maji inayojivika ina nusukipenyo cha takriban nanomita 0.33, salfeti 0.38, na cha tundu ni karibu 0.4 hadi 0.5. Zote mbili zingepenya. Mbona basi salfeti ya sodiamu huzuiwa kwa zaidi ya asilimia 90, huku kloridi ikipita kwa wingi?

Ni chaji. Utando wa poliamidi (aina ya plastiki) una vikundi vya atomi vyenye asidi, viitwavyo kaboksili, ambavyo kwenye pH 7 huwa na chaji hasi. Ioni hasi husukumwa nyuma, na salfeti yenye chaji mbili husukumwa zaidi. Sodiamu huvutwa na utando, lakini haipiti peke yake, kwani maji ya kila upande lazima yasawazishe chaji zake. Mkemia Frederick Donnan alilieleza hili mwaka 1911.

Msukumo huo hudhoofika chumvi ikizidi. Kwenye milimoli 1 ya chumvi ya kawaida kwa lita, chaji hufika umbali wa nanomita 10 hivi. Kwenye milimoli 100, nanomita 1 tu. Kalsiamu nayo hung'ang'ania kaboksili na kuififisha chaji, na pH ikishuka kuelekea 4 chaji karibu huisha.

Linalowachanganya mafundi zaidi ni maji yenye salfeti nyingi na kloridi kidogo. Sodiamu inayopenya huiburuta kloridi, hata maji yaliyochujwa yakawa na kloridi nyingi kuliko yaliyoingia! Utando usio na kasoro hutupwa bure kwa kudhaniwa umetoboka.

Asilimia za kwenye matangazo mara nyingi hupimwa kwa salfeti ya magnesiamu, miligramu 2,000 kwa lita, chumvi iliyo rahisi kuzuiwa. Anayenunua apime kwa maji yake mwenyewe: shinikizo na joto visibadilike, mtambo uende saa moja kwanza, kisha sampuli za maji yanayoingia na yaliyochujwa zichukuliwe kwa pamoja. Kila ioni ipimwe peke yake, maana kipimo cha upitishaji umeme hujumlisha zote. Kiasi cha ioni katika lita ya maji yaliyochujwa kigawanywe kwa kile cha lita ya yaliyoingia, jibu litolewe katika 1, kisha lizidishwe kwa 100: hiyo ndiyo asilimia iliyozuiwa. Jaribio lirudiwe kwa pH ya chini na ya juu kabisa ambayo maji hayo hufikia.

Msomaji wenu,
Fundi wa mitambo ya maji