Kwako mdogo wangu, kuhusu leso ya Mama

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe naona unausoma kisha kimya. Basi nakuandikia hapa penye watu, maana hapa najua utapita. Ukiona nimekuaibisha, hilo unisamehe. Mengine bado sijui nani amwombe nani radhi.

Nilifika Barani kwa Mama saa moja asubuhi na dawa zake za presha. Leso ilikuwa imeanikwa, ile nyeupe ya maua mekundu aliyovaa kwenye harusi yangu, imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Mwezi wa tano, mto Sabaki umefurika, na bahari yetu ya mwezi wa tano unaijua ilivyo, tope tupu. Nikashika pindo, nikalamba kidole. Chumvi. Mama yuko mkekani anatetemeka, wewe uko jikoni unakoroga uji kama mtu asiye na habari. Nikauliza, mmetoka wapi? Wewe hukujibu. Alijibu yeye: "Nimebatizwa, mwanangu. Ule wa kwanza haukushika."

Haukushika! Kama anasema hina.

Mama aliyekuwa hawezi kufika chooni bila kushikwa mkono, ukampakia tuktuk alfajiri mpaka ufuoni, ukaenda kumzamisha wewe na mchungaji wako. Jirani yetu, yule mama wa Kiislamu wa mlango wa buluu, ndiye aliyeniambia kwamba alimsikia akikohoa njia nzima mkirudi. Yeye alimletea tangawizi. Mimi, binti yake mkubwa, sikuwa nimeambiwa.

Usinielewe vibaya. Hoja yenu naijua, kwamba ubatizo ni kwa jina la Yesu peke yake, na kwamba Baba, Mwana na Roho ni huyo huyo mmoja, na si hoja ya wajinga. Nimefundisha somo la Dini miaka kumi na tisa. Petro siku ya Pentekoste anasema mkabatizwe kwa jina lake Yesu Kristo, Matendo 2:38, na ukiwafuata mitume mpaka Efeso, sura ya 19, ni jina la Bwana Yesu. Na kwenye Mathayo 28:19 imeandikwa "kwa jina" la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, si "kwa majina", nawe ukaniuliza: basi jina hilo moja ni lipi? Ukanipa na mfano wako wa fundi: nyumbani ni baba, kwa mkewe ni mume, kazini ni fundi, na mtu ni yule yule. Nikakujibu kwamba fundi huyo hawezi kujiomba ruhusa mwenyewe. Pale Gethsemane nani alikuwa anamwambia nani "si mapenzi yangu, bali yako yatendeke"? Na pale Yordani, Mwana yuko majini, Roho anashuka, sauti inatoka mbinguni. Ukanijia na Yohana 14, aliyeniona mimi amemwona Baba. Tungeweza kukesha hivyo mpaka adhana ya alfajiri, na mara nyingine tulikesha, ukumbuke, tukicheka.

Hata naelewa ulikoanzia. Tukiwa wadogo watoto wa mtaa walikuwa wakituuliza, "Nyinyi Mungu wenu wangapi?" Mimi nilikuwa nakimbilia ndani. Wewe ulipigana, ukarudi na mdomo umevimba, ukamuuliza Mama, naye akasema mmoja, katika nafsi tatu. Ukauliza nafsi ni nini. Shuleni tulikuwa tunasoma nafsi ya kwanza mimi, ya pili wewe, ya tatu yeye, ukasema basi hao ni watu watatu wanazungumza! Mama akakupiga kofi, kisha akakupa kipande cha muhogo. Nadhani tangu siku ile hukujibiwa na mtu, hadi ukampata mchungaji aliyekujibu kwa neno moja. Kuishi mji ambao majirani wanasoma kila siku kwamba Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa, na wewe huna la kuwajibu, si kitu kidogo kwa mtoto wa miaka tisa. Hilo ningekubali. Lakini usiniambie ni imani ya mitume iliyofukiwa na Roma ikafukuliwa na nyinyi. Kundi lenu lilianzia kwenye mkutano wa kambi, Arroyo Seco, karibu na Los Angeles, mwaka 1913. Mhubiri R. E. McAlister alisema kwamba mitume walibatiza kwa jina la Yesu, moto ukawaka. Mwaka uliofuata wahubiri Frank Ewart na Glenn Cook wakabatizana upya. Kufika 1916 wahubiri zaidi ya 150 walikuwa wameondoka Assemblies of God, kanisa la walokole, kwa sababu hiyo. Walokole kwa walokole, mdogo wangu, si Papa.

Ndiyo, kabla yao alikuwepo Sabellius, Roma, karne ya tatu, aliyesemwa kufundisha kwamba Baba, Mwana na Roho ni mmoja yule yule, na nilikuita jina hilo usiku wa Krismasi mbele ya sahani za pilau. Sikukwambia kwamba maandishi yake hayapo, kwamba tunayoyajua juu yake yametoka kwa waliomshinda.

Na kuna jingine nililokuficha. Kipo kijitabu cha Wakristo wa kale sana, Didache. Kinaagiza kubatiza kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, kwa maji yanayotiririka, yasipopatikana kwa maji mengine, na yote yakikosekana, kumwagia kichwani mara tatu. Hapo ndipo nilipokusomea. Sikukusomea mbele kidogo, kinapowataja wanaoruhusiwa kushiriki meza kuwa ni wale waliobatizwa kwa jina la Bwana. Vyote viwili mle mle, wala mwandishi haoneshi kuona tatizo. Nilijua. Lakini wewe ulikuwa unapiga meza, na mtu akikupigia meza humpi kuni.

Usiku huo ndio ninaotaka kuusema, leso nimeanza nayo tu kwa sababu ndiyo iliyo kabatini kwangu. Nilisema, nawe ulinisikia, kwamba asiyebatizwa kwa Baba, Mwana na Roho hajabatizwa, ameoga tu. Nilikuwa nakusema wewe. Mama alikuwa ameketi na sahani yake mapajani. Baadaye, umeshaondoka kwa hasira, ananiuliza taratibu: "Na mimi waliponitia maji, walisema nini?" Alikuwa mtoto mchanga. Atakumbuka vipi? Nikamwambia, "Mama, lala."

Mngekuwa nyinyi, mngemjibu nini saa sita ya usiku, vyombo bado havijaoshwa? Nilikuwa nimechoka. Nilijua cheti chake kiko kwenye sanduku la bati na nilikusudia kumwonesha asubuhi, na asubuhi tukaingia kwenye mambo ya dawa. Wewe ulirudi baada ya miezi kadhaa ukamkuta na swali lake lile lile, ukalijibu. Ulilijibu vibaya, kwa maji ya tope na mgonjwa wa kifua. Lakini mimi sikulijibu kabisa.

Siku ya mazishi ya Mama kule Ganda sikumwambia mchungaji wetu habari ya bahari. Angeweza kukataa kumzika, na kina mama wa kanisa walikuwa wameshashona sare. Kwa hiyo nilidanganya kwa kunyamaza, na wewe ukajitenga chini ya mkorosho, mikono nyuma, na ilipofika "kwa jina la Baba" ukageuza uso. Watu wote walikuona. Udongo hukutia. Hilo bado limenikaa kooni, sitakuficha, kwa sababu hata kama maneno hayakuwa yako, aliyekuwa shimoni alikuwa wako.

Fundi wa kaburi anataka maandishi kabla ya Jumamosi. Mimi nimeandika jina lake, la baba yake, na miaka. Mstari wa Biblia nimeacha wazi, maana kila ninaoupata naona utaupinga. Njoo utaje wako. Nitapika sima na mchunga, na papa mkavu yupo. Ila njoo peke yako, usije na mchungaji.

Dada yako