Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2023: Huduma Yetu Nyarugusu na Katika Vijiji Jirani

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, wazee wetu waasisi na ndugu wanachama wote,

Katiba ya chama chetu inamtaka Mwenyekiti awasilishe mbele yenu kila mwaka taarifa ya kazi zilizofanyika, ili ninyi mliotoa dhamana mpate kuipima. Hesabu za fedha zitasomwa na Mweka Hazina baada yangu. Mimi nitajikita katika huduma yenyewe: tumefanya nini hapa Kasulu mjini mkoani Kigoma, Makere na vijiji vinavyoizunguka, na ndani ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, na kwa sababu gani tulizichagua kazi hizo tukaziacha nyingine ambazo huenda zingetupatia sifa kubwa zaidi.

Mwaka 2023 ulikuwa mzito kwa mkoa wetu. Kuanzia mwezi Machi tuliwapokea maelfu ya ndugu kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo waliokimbia mapigano ya Kivu, na wakaletwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo wa vita vya wakati ule na ambayo kuanzia mwaka 2015 iliwapokea pia Warundi. Mwezi huo huo wa Machi, kwa upungufu wa fedha za wafadhili, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa chakula kutoka asilimia 80 ya kiwango kinachostahili hadi asilimia 65, na ilipofika Juni mgao ukashuka hadi asilimia 50. Waliofika kambini wakati huo walifika na njaa yao, wakakuta wenyeji wa kambi nao wameanza kupunguza milo. Unga, maharage, mafuta na chumvi vilivyogawiwa baada ya hapo havikuufikisha mwezi ukingoni, na hata katika kidogo hicho mama mwenye nyumba alitenga kibaba cha kuuza ili apate sabuni na mboga.

Naomba tuseme ukweli kuhusu uwezo wetu mbele ya hali hiyo. Chama cha walimu, wauguzi, mafundi cherehani, wafanyabiashara wa sokoni na madereva wa bodaboda hakiwezi kuwalisha watu zaidi ya laki moja. Kamati Tendaji ilipokutana mwezi Aprili, baadhi ya wajumbe walipendekeza tukusanye unga na nguo tupeleke kambini kwa gari moja. Pendekezo lilitolewa kwa nia njema na lilijadiliwa kwa heshima, lakini uamuzi ulikuwa kwamba gari moja la unga lingekwisha asubuhi moja na kuacha manung'uniko ya nani amepata na nani amekosa. Tukakubaliana kuelekeza nguvu kwenye mambo yanayohitaji watu kuliko mali, watu watakaorudi mwezi huu na mwezi ujao, na yanayomhudumia mkimbizi na mwanakijiji kwa mizani moja. Msimamo huo ndio uliotuongoza mwaka mzima, na nitauonyesha kwa kazi moja moja.

Kazi ambayo mimi binafsi naiona kuwa ya thamani kuliko zote ni uchangiaji wa damu. Wauguzi wetu walitueleza jambo ambalo wengi wetu hatukulifahamu: sehemu kubwa ya damu inayokusanywa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama hutoka kwa wanafunzi wa shule za sekondari na vyuo, na kwa hiyo shule zinapofungwa mwezi Juni na mwezi Desemba, akiba hupungua. Desemba kwetu ni msimu wa malaria. Mvua zimekolea, mbu wamejaa, na mtoto mdogo akipata malaria kali damu yake huharibika kwa kasi kiasi kwamba asubuhi anacheza na jioni viganja vimekuwa vyeupe na pumzi inamkimbia. Mtoto huyo hahitaji hotuba wala blanketi, anahitaji damu usiku ule ule.

Kwa mgonjwa wa mjini kuna kaka, shemeji na majirani wa kuitwa waje wachangie kufidia damu aliyowekewa ndugu yao. Mama aliyevuka Ziwa Tanganyika na watoto watatu hana wa kumwita. Hapo ndipo chama chetu kilipoona nafasi yake. Tuliamua kuchangia damu wakati wa likizo za shule, si wakati tunapojisikia, na tukajipangia zamu ili wanaume warudi baada ya miezi 3 na wanawake baada ya miezi 4, kama wataalamu wanavyoelekeza. Aliyekuwa na uzito chini ya kilo 50 alipewa kazi ya kupokea watu, kuandika majina na kugawa maji na biskuti, na hakuna aliyeona aibu. Mwezi Juni tulikaa kwenye viti vile virefu chini ya turubai, mwalimu mkuu mstaafu akiwa amelala pembeni ya kijana wa bodaboda, kila mmoja akikunja na kukunjua ngumi kama alivyoelekezwa huku mfuko ukijaa. Kambini nako wakimbizi walijitokeza kuchangia, na damu yao ikaenda kwa yeyote aliyeihitaji, kwa kuwa wanavijiji wa jirani hutibiwa katika vituo vya afya vya kambi hiyo. Ndugu wanachama, nawaomba mlitafakari hilo kila mnaposikia mtu akisema kwamba mkimbizi anapokea tu.

Mwezi Septemba tulishiriki katika kampeni ya chanjo ya polio. Mnakumbuka kwamba mwezi Mei mgonjwa wa polio alithibitishwa mkoani Rukwa, na Serikali ikaamua kuwachanja watoto wote walio chini ya miaka 8 katika mikoa 6 ya mpakani, Kigoma ikiwemo, kuanzia tarehe 21 hadi 24 Septemba. Chanjo ilitolewa na wataalamu nyumba kwa nyumba. Kazi yetu ilikuwa kutangulia mbele yao, kueleza na kujibu maswali. Katika baadhi ya vitongoji wazazi walisitasita, wakauliza kwa nini mtoto aliyekwisha kupata matone akiwa kliniki apewe tena. Tuliwaeleza kwamba virusi havitambui mpaka wala kitambulisho, na kwamba nyumba moja inayorukwa inaweza kuwa mlango wa ugonjwa kwa kijiji kizima. Faida moja tuliyokuwa nayo ni lugha: wanachama wetu Waha walizungumza na familia za Warundi bila mkalimani, kwa kuwa Kiha na Kirundi vinaelewana, na familia za Kikongo tukazungumza nazo Kiswahili.

Nitaje hapa kwamba katika kazi ya polio vyama vya kujitolea vina historia ndefu. Rotary, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1905, ilianza mpango wake wa kutokomeza polio mwaka 1985, miaka 3 kabla ya mataifa kuungana rasmi katika juhudi hiyo mwaka 1988, na haijaiacha hadi leo. Lions nao, tangu Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, alipowasihi katika mkutano wao wa mwaka 1925, wameshikilia huduma kwa wasioona. Sisi ni wadogo mno kujilinganisha nao, lakini nawataja kwa sababu vyama hivi vimeheshimika kwa kuchagua jambo moja na kudumu nalo kwa miongo. Na si lazima anayehudumu awe mwenyeji au tajiri. Nchini Uganda, katika makazi ya Nakivale, vijana wakimbizi wenyewe, Wakongo wakiwa miongoni mwao, walianzisha klabu ya Rotaract, yaani klabu ya vijana iliyo chini ya Rotary, na kuwahudumia wakimbizi wenzao na majirani zao. Ningependa siku moja tukae na vijana wa Nyarugusu tuone kama jambo la namna hiyo linawezekana kwetu, kwa kufuata taratibu za kambi.

Kuhusu kuni, hali bado ni ngumu, na sitaipamba. Ugomvi mwingi kati ya kambi na vijiji unaanzia porini. Wanawake na wasichana wa kambini hutoka kutafuta kuni, mashamba ya watu yako njiani, msitu wa Makere umepungua sana, na baadhi ya wanawake hao wamepigwa na hata kudhalilishwa wakiwa huko. Mwanakijiji naye ana lake la kusema: ameona miti aliyoikuta utotoni ikiisha, na anauliza atapikia nini. Kumnyamazisha kwa kumwambia awe na huruma hakusaidii kitu. Ndiyo maana mafunzo ya majiko banifu tuliyaendesha pande zote mbili, kambini na kijijini, kwa njia ile ile na kwa udongo ule ule.

Kwa faida ya wanachama wapya nieleze kidogo. Jiko hilo hufinyangwa kwa udongo wa kichuguu, kwa kuwa una mshiko na haupasuki ovyo, ukichanganywa na nyasi zilizokatwa vipande vifupi. Mlango wa kuni hufanywa mdogo kwa makusudi ili mtu asiweze kusukumia magogo, na sufuria hukaa ndani ya jiko badala ya kuning'inia juu ya moto. Likiachwa likauke taratibu kivulini hudumu, na likiharakishwa juani hupasuka. Akina mama wa Makere waliofundishwa mwanzo ndio waliowafundisha wenzao, na walioona mzigo mmoja wa kuni ukipikia siku nyingi kuliko ilivyokuwa hawakuhitaji kushawishiwa zaidi. Miche ya miti tuliyopanda mwezi Novemba imeshika vizuri kwenye shule mbili za kijiji. Ile ya kando ya barabara imeliwa na mbuzi, na tutahitaji uzio kabla ya kupanda tena.

Kazi ya taulo za kike za kufua imeendelea chini ya mafundi cherehani wetu. Kitambaa cha flana hukatwa, hupangwa tabaka kwa tabaka, hushonwa na kuwekewa kifungo. Tulipozungumza na wasichana wenyewe tuligundua kwamba tatizo halikuwa kushona bali kuanika. Taulo lisipopigwa na jua halikauki vizuri na linaweza kuleta maradhi, na katika kambi yenye nyumba zilizobanana hakuna msichana anayetaka kitu hicho kionekane kwenye kamba. Wanachama wanawake ndio waliobuni jibu: kila pakiti sasa ina kipande cha kitambaa chepesi cha kutandika juu ya kamba, jua likapita na macho yasipite. Wasichana wa shule za vijijini walipewa pakiti zile zile.

Yapo mambo mawili ya utaratibu ambayo lazima niyasisitize. La kwanza ni vibali. Wakimbizi nchini mwetu huishi kambini kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1998, na wageni hawaingii bila ruhusa ya mamlaka. Kila safari ya chama ilipangwa mapema kupitia Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na kwa kuripoti kwa mkuu wa kambi, nasi tutaendelea hivyo bila kutafuta njia za mkato. La pili ni picha. Kamati Tendaji imeazimia kwamba mwanachama hatampiga picha mtu anayepokea huduma, awe mkimbizi au mwanakijiji, wala kuisambaza. Najua wapo wanaosema picha huleta wafadhili. Mimi naamini kwamba mtoto wa mtu akiwa uchi na mwenye njaa si tangazo la chama chetu, na mama yake akiwa na simu mkononi angetukatalia.

Wazee wetu wanakumbuka kwamba Kasulu haikuanza leo kupokea watu. Walikuja Warundi mwaka 1972, wakaja tena miaka ya tisini, kambi ya Mtabila ikawepo hadi ilipofungwa mwaka 2012, na kuanzia Septemba 2017 zaidi ya Warundi laki moja wamerejea kwao kwa hiari kutoka katika mkoa wetu. Watu wanakuja na kuondoka, ila shule, zahanati na misitu ya vijiji hivi inabaki na sisi. Kwa hiyo wale wanaotuuliza kwa nini chama kinahangaika na wakimbizi wakati wananchi wana shida, tunawajibu kwa kuwaonyesha orodha ya kazi zetu, ambayo haina hata moja iliyomwacha mwananchi nje.

Kwa taarifa hii, naomba Mkutano Mkuu ujadili na kuamua mambo yafuatayo: kwamba zamu za kuchangia damu za Juni na Desemba ziingizwe katika kanuni za chama na zisitegemee utashi wa kamati itakayokuwepo, kwamba sehemu ya ada ya mwaka 2024 itengwe kwa ajili ya uzio wa miche na vitambaa vya flana, na kwamba Katibu aidhinishwe kuandika barua ya maombi kwa mamlaka husika ili tukutane na vijana wa Nyarugusu kuhusu uwezekano wa kuanzisha klabu yao ya huduma. Baada ya maamuzi hayo tutampisha Mweka Hazina asome hesabu, kisha uchaguzi wa viongozi utaendelea kama ratiba inavyoonyesha.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti