Wanangu wa kikoba, hiyo furaha ya kujichagulia inauzwa duka gani?

Wanangu, salaam. Nimenyamaza tangu Jumapili nikasema hasira zishuke kwanza, hazijashuka, basi nawaandikia nazo hivyo hivyo.

Mwenzenu kasema grupuni hisa imemshinda wiki ya tatu hii, na maisha yenyewe hayana raha. Mkamjibu nini? Mmoja katuma stika ya maua, "furaha ni uamuzi dada". Mwingine, "jichagulie amani mamy". Mtoto wa watu kalefti, nanyi mkaendelea na habari za sare ya harusi!

Mimi nilienda kwake. Ukutani tivii ilipokuwa imebaki misumari minne na waya unaning'inia, katoto kake kamekaa mkekani kanaangalia pale pale kwa mazoea. Kausha damu, wale wakopeshaji wa riba za kunyonga, wameshabeba. Alikopa laki mbili usiku mtoto ana degedege, marejesho kila siku, ukiruka siku faini juu. Kanikaribisha chai, sukari kaazima kwa jirani, na kucheka akacheka. Sasa mlitaka achague furaha ipi tena?

Sisemi mtu akae analia tu. Kisirani cha kujitakia kipo, nakijua, nimelala nacho nyumba moja miaka. Ila nilipofiwa na baba yenu, kwenye ile eda ya miezi 4 na siku 10, mimi sikuamua kitu. Mama wa nyumba ya tatu alikuwa anakuja na mkeka wake kila usiku anajilaza mlangoni kwangu, hasemi neno, asubuhi ananisogezea kikombe cha uji. Siku moja akateleza uani na ndoo ya maji, chali, tukacheka mpaka machozi. Ndo siku hiyo nikajua bado naweza kucheka, na wala sikuwa nimejipangia.

Na wakubwa nao wasijifiche nyuma ya haya maneno yenu matamu. Mikopo ya halmashauri ile ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, wanawake tunayo 4 humo, haina riba, mizuri kweli, lakini inataka kikundi kilichosajiliwa, katiba, andiko la mradi. Degedege la saa nane usiku linasubiri andiko?

Mengine kwa kifupi: msikope kwa ajili ya sare. Laleni mapema. Mkila, simu chini. Salini.

Sanduku letu lina kufuli tatu, na mfuko wa jamii umo humo humo, tulikubaliana ni wa ugonjwa na misiba. Mtoto kaumwa, hakuna aliyeukumbuka, na mimi mwenye ufunguo nimo. Jumapili wenye funguo zile mbili mje saa tisa, kabla ya kikao. Aliyetuma stika ya maua ndo atakayempelekea hela, kwa mkono, si kwa simu, na chai akikaribishwa akae anywe. Sukari abebe yeye.

Mama yenu